Namba Zilizoandikwa Ubavuni mwa Tairi

Katika ukaguzi wa magari kwenye barabara ziendazo Malaba, Busia na Mutukula, askari wetu huinama mara kwa mara kusoma ubavu wa tairi. Wapo madereva na abiria wanaodhani kwamba anatafuta kisingizio cha kuchelewesha safari. Tumeona yafaa kueleza anachokisoma, ili kila mwenye gari aweze kukisoma mwenyewe kabla ya kununua tairi, hasa lile lililokwisha kutumika.

Tuchukue tairi la gari dogo lililoandikwa 195/65R15 91H. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 si milimita, ingawa wengi huidhania hivyo, ni asilimia. Maana yake ni kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya ule upana, karibu milimita 127. Herufi R yaonesha kuwa tairi ni la radiali, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Hapo ndipo wanunuzi wengi huishia. Wakiona 195 na 15 zinalingana na za tairi la zamani, na fundi akasema limeingia, biashara imekwisha. Lakini namba inayofuata ndiyo inayohusu uhai wa abiria. Namba 91 haina maana ya kilo 91. Ni namba ya jedwali linalotumiwa na watengenezaji duniani kote, nayo yasema kwamba tairi hilo, likijazwa upepo ipasavyo, hubeba mzigo usiozidi kilo 615.

Sasa tulilinganishe na tairi linalofungwa kwenye baadhi ya taksi za abiria 14: 195R15C 106/104R. Upana ni uleule na rimu ni ileile. Herufi C yaonesha kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya magari ya biashara. Namba 106 ni kilo 950 pale gurudumu linapokuwa na tairi moja. 104 ni kilo 900 kwa kila tairi pale yanapofungwa mawili mawili. Mwenye taksi akifunga badala yake tairi la gari dogo kwa kuwa ni nafuu, kila gurudumu hupungukiwa uwezo wa kilo 335. Kwa magurudumu manne ni kilo 1,340, uzito wa watu wazima wapatao 20. Tairi hilo halitapasuka mbele ya duka liliponunuliwa. Ubavu wake hujikunja kupita kiasi, hupata joto, na hupasuka likiwa mbali, gari limejaa na liko kasi.

Herufi ya mwisho ni kikomo cha mwendo ambao tairi laweza kuuhimili: R ni kilomita 170 kwa saa, H ni 210. Hiyo si ruhusa ya kukimbia, ingawa tumewahi kulisikia hoja hiyo likitolewa kwa uso mkavu kabisa.

Umri nao umeandikwa. Tafuta herufi DOT, kisha utazame tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe hiyo huwekwa upande mmoja tu, hivyo tairi laweza kufungwa huku tarehe ikielekea ndani. Mwombe muuzaji aligeuze kabla hujalipa. Mpira huzeeka hata usipotumika, na watengenezaji wengi hushauri tairi lisivuke miaka 10, hata kama halijawa kipara. Tairi kuukuu lililopakwa rangi nyeusi hung'aa kama jipya. Lakini rangi haifuti tarakimu.

Alama hizi hazibadiliki mtu avukapo mpaka: tairi lililonunuliwa upande wa Kenya au Tanzania husomwa vilevile Uganda. Vipimo vinavyofaa gari lako, pamoja na kiasi cha upepo, kwa kawaida vimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo pembeni mwa mlango wa dereva. Kama kibandiko kimebanduka, tazama kitabu cha gari. Dereva anayesimamishwa kwa sababu ya matairi tunamkaribisha amwombe askari amwoneshe kwa kidole namba anayoizungumzia. Asisahau tairi la akiba, ambalo mara nyingi ndilo lenye umri mkubwa kuliko yote.