Kifafa Hakikumfunga Mikono

Conwy ni mji mdogo wa pwani, kaskazini ya Wales, mojawapo ya nchi nne zinazounda Uingereza. Umezungukwa na ukuta wa mawe wenye minara 21, na kando ya ukuta huo imesimama ngome kubwa ambayo Mfalme Edward I alianza kuijenga mwaka 1283 baada ya kuishinda nchi. Wageni wengi huja kuitazama ngome, hupiga picha, kisha huondoka. Wachache tu huingia katika uchochoro uitwao Crown Lane, mahali lilipo jumba la maonyesho la Royal Cambrian Academy, yaani Akademia ya Kifalme ya Cambria. Cambria ni jina la kale la Wales.

Tusidanganywe na neno akademia tukadhani ni shule. Hiki ni chama cha wachoraji na wachongaji. Mtu hajiandikishi mwenyewe. Huchaguliwa na wenzake kwa ubora wa kazi zake, na akishachaguliwa huandika herufi RCA baada ya jina lake. Leo wanachama ni zaidi ya mia moja.

Chama hiki kilianzishwa mwaka 1881, na mwaka uliofuata Malkia Victoria alikiruhusu kijiite cha kifalme. Ajabu ni kwamba waanzilishi wengi hawakuwa watu wa Wales. Walikuwa Waingereza waliovutwa na milima na maporomoko ya maji ya bonde la Conwy, baadhi yao wakitoka Manchester, mji wa viwanda na moshi. Henry Clarence Whaite, aliyekuwa rais wa chama kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1912, alizaliwa huko huko Manchester. Walikuja kuchora, wakapenda, wakakaa.

Katika miaka ya 1880 walipata makao ndani ya Plas Mawr, maana yake Jumba Kubwa. Ni nyumba ya tajiri mmoja, Robert Wynn, iliyojengwa kati ya 1576 na 1585, yenye dari za lipu zilizofinyangwa kwa maua na nembo. Kwa zaidi ya miaka mia moja picha zilitundikwa humo. Tunakubali ni nyumba nzuri, lakini nyumba ya kale ina mambo yake, na kila mama anayetunza nyumba ya urithi anajua paa la zamani linavyokula fedha.

Miongoni mwa wanachama alikuwamo mama mmoja ambaye wasomaji wetu wangempenda, Claudia Williams. Alizaliwa mwaka 1933, akaolewa na mchoraji mwenzake, Gwilym Prichard, mwaka 1954, wakajaliwa watoto wanne. Alichora yale aliyoyaona kila siku: mama akimkausha mtoto baada ya kuoga, dada wawili wamekaa pwani, mtoto amelala begani. Wapo wanaodhani kazi za nyumbani si jambo la kutundikwa ukutani. Yeye aliyachora hayo hayo hadi uzeeni, akafariki mwaka 2024.

Lakini mtu tunayetaka hasa kumweleza ni Kyffin Williams.

Alizaliwa mwaka 1918 katika kisiwa cha Anglesey, si mbali na Conwy. Akiwa kijana shuleni aliugua ugonjwa wa kuvimba ubongo. Alipona, lakini kovu lilibaki ndani, na baadaye akaanza kuanguka kifafa. Wakati huo alikuwa afisa kijana katika kikosi cha Royal Welch Fusiliers, na jeshi ndiyo kazi aliyoitumaini. Mwaka 1941, katikati ya vita, daktari wa jeshi alimpima na kumwambia hafai tena. Kisha akaongeza shauri: kwa kuwa yeye si mtu wa kawaida, afadhali ajaribu uchoraji.

Sisi tunaouguza hatulipendi neno hilo, kwamba mgonjwa si mtu wa kawaida. Tumelisikia likitamkwa mbele ya mama wenye watoto mgongoni, na tumeona nyuso zao zilivyobadilika. Hata hivyo daktari huyo alifanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Hakumwacha kijana mlangoni na cheti cha kufukuzwa kazi. Alimwonyesha mahali pa kwenda.

Kyffin akaenda. Alijiunga na Slade, chuo cha sanaa cha London, ambacho wakati huo kilikuwa kimehamishiwa Oxford kwa sababu ya vita. Huko Oxford aliona katika kitabu nakala ya picha ya Ufufuo iliyochorwa na Mwitalia Piero della Francesca, miaka mia tano iliyopita. Akalia machozi. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba siku hiyo alitambua kuwa picha haitoki mkononi tu. Hutoka katika upendo. Kuanzia 1944 hadi 1973 alifundisha uchoraji katika shule ya Highgate, London, na kila alipopata likizo alirudi kwao kuchora milima.

Hakutumia sana brashi. Alichukua kisu bapa, akapaka rangi ya mafuta nene kama mtu apakavyo siagi juu ya mkate: nyeusi, kijivu, kijani kibichi, na nyeupe ya theluji au ya povu la bahari. Alichora kuta za mawe, nyumba ndogo zilizojificha na upepo, wakulima wazee wenye mbwa wao. Mwaka 1968 alisafiri hadi Patagonia, kusini mwa Argentina, kuwachora wazao wa watu wa Wales waliohamia huko tangu 1865. Safari hiyo yote aliifanya na kifafa chake.

Hapa tuombe ruhusa ya kusema kidogo kama wauguzi, maana tunajua katika nyumba za wasomaji wetu wamo watoto wanaofichwa chumba cha nyuma. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizwi kwa povu, wala kwa mate, wala kwa kumgusa aliyeanguka. Tumepokea watoto walioungua vibaya kwa sababu walianguka kwenye mafiga, na watu waliosimama karibu waliogopa kuwavuta. Moto ndio wa kuogopwa, si mtoto.

Mtu akianguka, mwondolee vitu vya kumwumiza, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize, usimnyweshe kitu. Akizidi dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mpeleke hospitali upesi. Dawa zipo, na zile za zamani si ghali. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazowafaa na kuzitumia sawasawa. Kuacha dawa ghafla kwa kuwa mgonjwa hajaanguka mwezi mzima ni hatari. Na mtoto aende shule.

Turudi Conwy. Kyffin Williams alichaguliwa rais wa akademia mara mbili, kwanza 1969 hadi 1976, kisha tena kuanzia 1992. Chama kilichoanzishwa na wageni kikawa chini ya mtoto wa Anglesey, na ndani yake wasanii wa Wales wenyewe wakazidi kupata nafasi. Ni katika kipindi chake cha pili ambapo akademia iliiaga Plas Mawr. Mwaka 1993 nyumba hiyo ya kale ilikabidhiwa kwa Cadw, idara inayotunza majengo ya kihistoria ya Wales, nayo akademia ikahamia jumba lake nyuma yake, lenye kuta nyeupe na mwanga wa kutosha. Wazee wengine walisikitika. Sisi tunaona picha zilipata mahali pa kuonekana bila kushindana na dari.

Alipewa heshima ya Sir mwaka 1999. Alikuwa akiishi peke yake, kwani hakuoa, katika nyumba ndogo ukingoni mwa mlangobahari wa Menai. Akichungulia nje aliyaona maji, na ng'ambo yake bara la Wales. Alifariki Septemba 1, 2006, akiwa na umri wa miaka 88, na hadi mwaka huo alikuwa bado rais. Kisiwani kwao, katika mji wa Llangefni alikozaliwa, lilifunguliwa mwaka 2008 jumba la maonyesho lenye jina lake. Na huko Crown Lane wanachama wa akademia wangali wakitundika kazi zao kila mwaka.