Je, Kabila Laweza Kutueleza Damu ya Mtoto?

Leo tunalijibu swali la mama wa Kitengela anayesema: "Daktari, sisi ni Wamaasai. Mtoto wetu atapataje selimundu? Si huo ni ugonjwa wa watu wa ziwani?"

Selimundu hutokea chembe nyekundu za damu zinapojikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Ni ugonjwa wa kurithi, lakini hauangalii lugha. Ulienea palipo na malaria nyingi, kwa kuwa anayerithi hitilafu hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Mluhya ni Mbantu, Mjaluo ni Mniloti, na wote wawili wanayo sana. Mkikuyu naye ni Mbantu, ila milimani kwao ni haba. Mmaasai ni Mniloti kama Mjaluo, lakini katika nyanda kavu za Kajiado ni adimu. Mbu ndiye aliyeamua, si lugha.

Maziwa nayo yana habari yake. Utafiti wa mwaka 2007, uliopima watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan, ulipata mabadiliko ya vinasaba yanayomwezesha mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa. Wafugaji Waniloti na Wakushi wanashiriki badiliko moja, maana waliishi pamoja na kuoana. Wamaasai wana sehemu kubwa ya asili ya Kikushi, ingawa husema Kimaa. (Jirani yako akivimba tumbo kwa maziwa mabichi, usimcheke. Mpe maziwa lala.)

Sasa tazama Kitengela yetu: Mmaasai kamwoa Mkamba, Mkisii kaolewa na Mluhya, na watoto wote wanasema Sheng. Jina la ukoo halitoshi kukisia damu. Wazazi wote wawili wakiwa na hitilafu hiyo, hata kama ni wazima kabisa, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Mama, ukiona vidole vya mtoto vimevimba, macho ya manjano, au analia kwa maumivu ya mifupa, usingoje. Mpeleke kituo cha afya uombe kipimo cha selimundu. Ukiambiwa "kabila lenu hamna", omba tena. Majibu yaandikwe katika kitabu chake cha kliniki.