Hildegard na Ibilisi Asiyeimba

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie habari za Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani aliyetunga nyimbo za kanisa zinazoimbwa hadi leo.

Alizaliwa mwaka 1098. Alipokuwa binti mdogo, wazazi wake walimtoa kwa Mungu, na mwaka 1112 akaingia monasteri ya Disibodenberg. Mlezi wake, Jutta, ndiye aliyemfundisha kusoma na kuimba zaburi. Walikuwa Wabenedikto, wakifuata kanuni ileile inayofuatwa na watawa wa Peramiho na Ndanda kule Tanzania: kusali kwa kuimba mara kadhaa kwa siku, na usiku pia. Jutta alipofariki mwaka 1136, masista walimchagua Hildegard awaongoze. Baadaye Hildegard alitaka kuhama na masista wake. Abate wa Disibodenberg hakupenda waondoke, lakini mama huyu akashikilia lake, na mnamo 1150 wakahamia Rupertsberg, karibu na mto Rhine.

Sasa sikieni alivyotunga. Kwaya zetu hugawana soprano, alto, teno na besi. Masista wa Hildegard waliimba wote sauti moja. Lakini sauti hiyo haikukaa mahali pamoja! Huanza chini kwa upole, mara inapaa kama kishada kilichopata upepo, na silabi moja tu inabeba noti nyingi kabla ya kutua.

Alitunga pia mchezo wa kuigiza uitwao Ordo Virtutum. Ndani yake, Fadhila na Ibilisi wanagombania roho ya mtu. Fadhila wanaimba, roho inaimba. Ibilisi je? Haimbi hata neno moja. Yeye hupayuka tu. Kwa Hildegard, wimbo ulitoka mbinguni, na Ibilisi alikwisha kupoteza fungu lake huko.

Mwaka 1178, akiwa na miaka 80, mambo yakamfika. Masista walikuwa wamemzika mtu mmoja katika makaburi yao. Wakuu wa kanisa la Mainz wakasema mtu huyo alitengwa na Kanisa, basi afukuliwe. Hildegard akakataa: marehemu aliungama na kupokea Komunyo kabla ya kufa. Adhabu ikashuka: hakuna Misa, hakuna kuimba, sala zisomwe kwa sauti ya chini.

Bibi huyo hakunyamaza. Aliwaandikia wakuu hao barua kwamba Ibilisi ndiye anayechukia nyimbo za kumsifu Mungu, na anayezizima bila haki hatakuwa na nafasi katika kwaya ya malaika. Hebu fikirini wakuu wale walivyoisoma!

Mwaka 1179 marufuku ikaondolewa, na nyimbo zikarudi kanisani. Tarehe 17 Septemba mwaka huohuo akafariki. Mwaka 2012, Papa Benedikto wa 16 akamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Basi, mtu akiwaambia kwamba mazoezi ya kwaya ni kupoteza muda, mjibuni kuwa yupo bibi wa miaka 80 aliyegombana na wakubwa ili masista wake waimbe, akashinda.