Kwa Nini Wataalamu Hufuga Vidung'ata?

Msomaji, ukiona vidung'ata juu ya mibuni yako hufurahi. Ni vijidudu vyeupe, kana kwamba vimenyunyiziwa unga, navyo hufyonza maji ya mti mpaka ukadhoofika. Basi utashangaa kusikia kwamba wako wataalamu ambao kazi yao ni kuvifuga na kuvilisha vizuri. Je, wamerukwa na akili? Hasha! Sababu yake ni hii.

Mwaka 1923 vidung'ata vilianza kuharibu kahawa karibu na Thika. Watu walidhani ni aina iliyojulikana katika nchi nyingine, kwa hiyo adui zake wakatafutwa mbali, huko Asia. Walipoletwa hawakufaa. Mwaka 1935 mtaalamu Le Pelley alionyesha kwamba hii ni aina nyingine kabisa. Kumbe ilikuwako hapa jirani, Uganda, wala haikuleta hasara kubwa huko, maana adui zake waliipunguza. Mmoja wao ni nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, asiyeuma mtu. Mwaka 1938 nyigu huyo aliachiliwa Kenya, na vidung'ata vikapungua sana.

Lakini nyigu huyo hawezi kuzaa pasipo kidung'ata. Hutaga yai ndani ya mwili wake, na mtoto akitoka katika yai humla kidung'ata kwa ndani. Ndiyo maana atakaye nyigu wengi hufuga vidung'ata kwanza.

Kazi hufanywa hivi. Viazi huwekwa gizani mpaka vichipue machipukizi marefu. Wengine hutumia maboga. Watoto wa vidung'ata huwekwa juu yake wakue. Miguu ya meza husimamishwa ndani ya maji ili sisimizi wasipande. Kisha baadhi ya vidung'ata hupelekwa chumba cha pili walimo nyigu. Vyumba hivi havichanganywi kamwe, kwa kuwa nyigu wakiingia chumba cha kwanza watamaliza mbegu yote.

Wewe mkulima una sehemu yako katika kazi hii:

1. Ukiona vidung'ata vilivyokauka, vigumu, vya rangi ya kahawia, usiviharibu. Ndani yake wamo nyigu. Vikiwa na tundu, nyigu wamekwisha kutoka.

2. Usinyunyizie shamba zima dawa ya kuua wadudu bila shauri la afisa wa kilimo. Dawa nyingi huua nyigu pia, na vidung'ata hurudi kwa wingi.

3. Zuia sisimizi. Wao hupenda utamu unaotoka kwa vidung'ata, na huwafukuza nyigu. Zungushia shina karatasi ngumu, uipake grisi, na ukate matawi yanayogusa ardhi.

Nyigu hadai mshahara. Anachotaka ni kuachwa afanye kazi yake.