Shahada ya utawala: chuo ni mlango wa tatu

Msimu wa maombi ya vyuo vikuu unapokaribia, swali moja hurudi kituoni kwetu kila mara: "Mtangazaji, nataka kusoma shahada ya uzamili ya utawala wa umma. Nianzie wapi?" Wengi wanaouliza ni watumishi: maafisa tarafa, walimu wakuu, makatibu wa hospitali, wahasibu wa halmashauri. Wamekwisha kusikia habari za fomu na ada. Mimi huwajibu kwamba chuo ni mlango wa tatu. Wa kwanza uko ofisini kwako, na wa pili uko kichwani mwako.

Kwanza tuelewane kuhusu shahada yenyewe. MPA, kama inavyofahamika, humfundisha mtu namna serikali inavyofanya kazi: bajeti hupangwaje, sera hutungwaje, watumishi husimamiwaje, wilaya na wizara hugawanaje madaraka. Ndugu yake, MBA, huangalia zaidi biashara na faida. Hapa Tanzania taaluma hii ina historia ndefu. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilianzisha shule pale Mzumbe, Morogoro, ya kuwafunza machifu na watendaji wa serikali za wenyeji. Mwaka 1972 mahali hapo pakawa chuo cha IDM, na mwaka 2001 pakawa Chuo Kikuu Mzumbe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha somo hili katika ngazi ya uzamili.

Sasa tuingie mlango wa kwanza, yaani mwajiri. Mtumishi wa umma haendi masomoni kwa hiari yake tu. Huomba ruhusa kwa maandishi, na hujibiwa kwa maandishi. Kibali cha mdomo cha mkuu wa idara si kibali. Bosi akihamishwa kesho, nani atashuhudia? Asiyekuwa na barua anaweza kuhesabiwa mtoro kazini, na utoro ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Hata anayesoma jioni afadhali aombe, maana mitihani na utafiti vitamtoa ofisini mchana.

Papo hapo ofisini, omba usomewe muundo wa utumishi wa kada yako. Hapa ndipo wengi huumia. Mtu huuza kiwanja, akalipa ada, akarudi na joho na picha za mahafali, kisha akaambiwa kwamba shahada ile haimpandishi cheo katika kada yake. Chukua mfano wa mhasibu. Kama kinachomkwamisha ni cheti cha CPA, hatakipata kwa kusoma utawala, hata akiongoza darasa zima. Atakipata kwa kufaulu mitihani ya bodi ya wahasibu. Shahada ya utawala ni njema, lakini yafaa ujue mapema itakupeleka wapi.

Mlango wa pili ni sababu yako. Vyuo vingi, hasa vya nje, humtaka mwombaji aandike ukurasa mmoja au miwili akieleza kwa nini anataka kusoma. Wengi huandika kwamba wanapenda maendeleo, ni wachapakazi na wana ndoto ya kuwa viongozi. Maneno hayo yanaweza kuandikwa na mtu yeyote, kwa hiyo hayamsaidii yeyote. Msomaji wa maombi anataka kuona tatizo unalolijua kwa macho yako.

Tuseme wewe ni afisa wa halmashauri. Eleza kwamba mwaka wa fedha huanza Julai, lakini fedha za mradi zilikufikia miezi mingi baadaye, na mkandarasi akaondoka. Eleza ulichojaribu kufanya na ulichoshindwa kukielewa. Kisha uliza: je, kasoro iko kwenye sheria, kwenye mipango, au kwenye mgawanyo wa madaraka? Nchi hii ilizifuta halmashauri mwaka 1972, ikazirejesha kwa sheria za mwaka 1982, na mjadala wa nani aamue nini haujaisha. Mwombaji anayeuliza hivyo ameonyesha kwamba ana kitu cha kwenda kutafiti. Tena atakuwa na mwanzo wa tasnifu yake, na tasnifu ndipo wanafunzi wengi hukwama baada ya kumaliza madarasa.

Ndipo tunafika mlango wa tatu, chuo. Kwa kawaida hutakiwa shahada ya kwanza ya angalau daraja la pili. Mwenye ufaulu wa chini ya hapo asikate tamaa. Aulize kama stashahada ya uzamili inaweza kumpandisha. Andaa vyeti halisi na taarifa kamili ya matokeo. Jina lako liwe moja katika vyeti vyote. Likitofautiana, shughulikia kiapo mapema. Kama ulisoma nje, cheti chako kitahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tena hakikisha kwamba programu unayoiomba imeidhinishwa na tume hiyo, kwani tangazo zuri gazetini si ithibati.

Wadhamini nao wachague kwa busara. Barua ya mhadhiri aliyesimamia utafiti wako, au ya mkuu wako wa kazi anayejua ulichofanya, ina uzito kuliko ya mheshimiwa asiyekumbuka hata jina lako. Mpe muda wa kutosha, na umpe nakala ya maelezo yako.

Mwisho ni hesabu. Ada ni sehemu tu. Kuna nauli, vitabu, uchapaji na gharama za utafiti kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kaeni chini nyumbani, wewe na mwenzio, muziandike zote kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, maana ada hiyo ni karo ya watoto pia.

Serikali inahitaji watawala waliosoma. Lakini mwananchi anayesubiri kwenye benchi la ofisi yako hataomba kuona cheti. Atataka faili lake lipatikane. Ukiweza kueleza jinsi masomo yatakavyolipata faili hilo, jaza fomu.