Ualbino na Jua la Ilongero: Kinga ya Ngozi na Macho Huanza Utotoni

Kwa wakulima wa Ilongero, Halmashauri ya Wilaya ya Singida, jua ni sehemu ya kazi. Alizeti na mtama hulimwa, huvunwa na kuanikwa juani, katika uwanda wa juu wenye ukame ambako miale ya jua ni mikali. Kwa mtu mwenye ualbino, jua hilohilo linaweza kusababisha saratani ya ngozi, ugonjwa ambao kwa kiasi kikubwa unazuilika.

Ualbino hutokana na mwili kushindwa kutengeneza melanini ya kutosha, yaani rangi inayokinga ngozi na macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulibaini kuwa Watanzania wengi wenye hali hiyo wana hitilafu ya aina moja katika jeni ambayo sasa huitwa OCA2. Mtoto hurithi hitilafu hiyo kutoka kwa baba na mama, hata kama wote wawili hawana ualbino. Kwa hiyo, kumlaumu mama peke yake hakuna msingi.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1985 na kuhusisha watu wenye ualbino 350 jijini Dar es Salaam, ulionesha kuwa madhara ya jua kwenye ngozi huanza mapema utotoni. Madhara hayo hujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Mzazi anayesubiri kidonda kitokee ndipo atafute kofia, huwa amechelewa.

Kinga ya kwanza ni nguo za mikono mirefu, kofia pana na kuepuka jua la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mafuta ya kukinga jua hupakwa sehemu zilizobaki wazi. Nchini, mafuta ya Kilisun yalibuniwa Moshi, katika Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mawingu hayazuii miale yote, hivyo kinga inahitajika hata siku isiyo na jua kali.

Kwa upande wa macho, upungufu wa melanini huathiri ukuaji wa sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea taswira. Mtoto huumizwa na mwanga, macho yake huchezacheza na huona vitu vya mbali kwa shida. Miwani ya jua hupunguza karaha ya mwanga, lakini hairejeshi uoni. Mwanafunzi huyo akae mbele, mbali na mwanga wa dirisha, na apewe maandishi makubwa. Kushindwa kusoma ubaoni si dalili ya uwezo mdogo wa akili.

Wananchi wanashauriwa kumfikisha mgonjwa katika kituo cha afya mara waonapo doa gumu lenye magamba, au kidonda kisichopona kwa wiki nne. Doa likigundulika mapema, linaweza kuondolewa kwa kugandishwa kwa naitrojeni, kabla halijawa saratani.