Embu na Meru: Safari ya Chakula, Asali na Kisa cha Mbwaa

Kwetu pwani mume na mke husafiri pamoja kwa mambo matatu: harusi, matanga na Hija. Nje ya hayo, mume huenda zake na mke hubaki akilinda nyumba. Wazungu wana desturi nyingine. Mtu na mkewe, watoto wakisha kukua, hufunga mizigo wakaenda nchi ya jirani kwa kula, kunywa mvinyo na kutazama majumba ya kale, kisha wakarejea kwao wakiwa na la kuzungumza mwaka mzima. Mvinyo si wetu. Lakini kula na kutazama, ni nani aliyetuharimishia? Dini yenyewe imetuhimiza tutembee katika ardhi tuzingatie.

Mimi na mwenzangu tulipoamua kwenda Embu na Meru, jamaa walitucheka. Waliuliza: kuna nini huko ila miraa? Swali lao ni la haki, na ninawajibu hapa, kwa faida ya kila mtu na mkewe wenye siku kumi za nafasi na akiba kidogo ya nauli.

MCHELE NA MIFEREJI

Ukitoka Nairobi kwa njia ya Thika, ukapinda kulia pale Makutano, kabla hujafika Embu utapita Mwea. Huko ndiko kwenye konde za mpunga, kijani kibichi pande mbili za barabara na maji yaking'aa kati yake. Mchele wa pishori tunaoupika biriani kila Ijumaa, mwingi hutoka hapa. Jina lenyewe ni la Peshawar, mji wa Pakistani, lililolainika katika ndimi zetu.

Mifereji inayonywesha konde hizo ilianza kuchimbwa miaka ya 1950, na waliotiwa kazini ni mahabusu wa vita vya Mau Mau. Walipelekwa huko kwa nguvu na serikali ya kikoloni. Mtu aweza kula pishori miaka hamsini asijue habari hiyo, kama nilivyokuwa nikila mimi.

Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki mpaka mikoa ilipoondoka na kaunti zikaingia mwaka 2013. Ni mji wa vilima na miti, na adhana utaisikia. Asubuhi mawingu yakikunjuka, Mlima Kenya hujitokeza na theluji yake, mita 5,199 kwenda juu. Mzungu wa kwanza kuuandikia habari alitokea kwetu: mmisionari Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona akiwa Ukambani tarehe 3 Desemba, 1849. Aliposema ameona theluji karibu na ikweta, mabingwa wa Ulaya walimkatalia.

SAHANI YA MLIMANI

Sasa tuje kwenye kula. Msafiri wa pwani asitegemee nazi. Hakuna nazi, hakuna bizari, na pilipili ni ya kuomba. Chakula cha heshima ni mukimo: ndizi mbichi au viazi, mahindi na majani ya maboga, vyote vikapondwa pamoja hata vikawa kitu kimoja. Kuna githeri, ambayo sisi twaijua kwa jina la pure. Kuna mbaazi na kunde, kuna mboga za majani zilizochumwa asubuhi ile ile. Mwenzangu alikuwa na chupa ya achari mkobani, na siku ya kwanza aliitoa. Siku ya tatu aliisahau. Alisema kiazi cha huku kina ladha yake mwenyewe, na cha kwetu hufika kimechoka kwa safari.

Embu si embe, lakini maembe yapo, upande wa chini wa Mbeere ambako nchi ni kavu. Nchi hiyo kavu, pamoja na Tharaka, ndiyo nchi ya asali. Mizinga ya magogo huning'inizwa juu ya miti, na asali yake ni nyeusi, nzito, yenye ukali kidogo kooni. Twaliinunua chupa mbili, na moja haikufika nyumbani.

Asali hiyo hiyo ndiyo mvinyo wa huko. Hutiwa maji na tunda kavu la muratina, ikaachwa ikaumuka mpaka ikawa pombe. Wazee huinywa mahari inapopatanwa na ugomvi unapomalizwa. Mgeni Mwislamu atakaribishwa kwa nia njema. Asikunje uso wala asitoe hotuba. Aseme tu kwamba dini yake haimruhusu, naye ataletewa chai. Uji wa wimbi pia huletwa, na mara nyingine umechachuliwa. Uliza umekaa siku ngapi, kwani kuuliza si utovu wa adabu.

Juu ya Embu na Meru kuna majani ya chai, na chini yake kuna mibuni. Zamani kahawa ilikuwa zao la walowezi. Ilikuwa miaka ya 1930 serikali ilipoanza kuwaruhusu Waafrika wa Kisii, Embu na Meru kuipanda. Lakini ajabu moja: mkulima wa kahawa hukupa chai ya maziwa. Kahawa tungu ya vikombe vidogo ni mambo ya baraza zetu.

MAJI YALE YALE

Kutoka Embu hata Meru ni kama kilomita 130, na njia hupanda na kushuka mabonde pasipo kupumzika. Kila bonde lina mto utokao mlimani. Daraja la Nithi ndilo la kutisha zaidi. Tarehe 24 Julai, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia hapo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Tulipofika tulinyamaza, tukawasomea Fatiha kimoyomoyo.

Mito hiyo yote, Rupingazi, Thuci, Nithi na Kathita, mwisho wake ni Mto Tana. Na Tana, msomaji wangu, unamwagika baharini pale Kipini. Maji tuliyoyaona yakiruka juu ya mawe huko juu ndiyo yanayofika kwa jamaa zetu wa Tana na Lamu. Liweke hilo moyoni, tutalirudia.

Mjini Meru kuna makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jumba la mawe lililojengwa zama za ukoloni kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Mmoja wa wakuu hao katika miaka ya 1930 alikuwa H. E. Lambert. Wapenzi wa lugha wanalijua jina hilo, kwani yeye ndiye aliyeandika juu ya Kivumba, Kijomvu na Kichifundi. Huko Meru alishughulika na baraza la wazee liitwalo Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, ambalo hata leo huamua mambo ya mila na ardhi.

Mwenye gari na afike Mbuga ya Meru, ambako simba jike Elsa, aliyelelewa na Joy na George Adamson, alizikwa mwaka 1961. Wazungu huja kutoka mbali kulitazama kaburi hilo. Sisi tulipendelea soko la Gakoromone, kwa mikungu yake ya ndizi na kelele zake.

KISA CHA MBWAA

Jambo kubwa la safari tulilipata baada ya chakula, katika nyumba ya mzee mmoja aliyetukaribisha. Aliposikia tumetoka pwani alicheka, akasema kuwa hata wao asili yao ni huko. Kisha akatupa kisa ambacho Wameru wamekipokea kwa mababu.

Zamani, husema wazee, watu wao waliishi mahali paitwapo Mbwaa, penye maji pande zote. Wakaja watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu, wakawatia utumwani. Wakawapa amri zisizowezekana: leteni kiatu chenye manyoya ndani na nje, leteni mbwa mwenye pembe. Kila walipotimiza moja kwa hila, ililetwa nyingine ngumu zaidi. Mwishowe kiongozi wao, Koomenjoe, akawatoa. Walipofika penye maji aliyapiga kwa fimbo, yakatengana. Waliovuka usiku ndio ukoo wa Weusi, waliovuka alfajiri ndio Wekundu, na waliovuka jua limetoka ndio Weupe. Wakaufuata Mto Tana, wakapanda mpaka mlimani.

Kila aliyesoma chuoni atakitambua kisa hiki, nasi tulitazamana. Ni Nabii Musa na Firauni. Wapo wataalamu waliosema kwamba maneno ya wamisionari yameingia humo. Lakini mwanahistoria wa Kimarekani Jeffrey Fadiman, aliyewasikiliza wazee wa Meru na kutoa kitabu mwaka 1993, alishika kwamba kiini chake ni cha kweli, na kwamba Mbwaa ilikuwa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Wengine hawakubali. Wala kisa hakisemi Nguo Nyekundu walikuwa kabila gani.

Hata hivyo, mimi niliyekulia katika darsa na hotuba sikuweza kukaa kama nilivyokuwa nimekaa. Tangu utotoni tumesoma habari za Firauni, na kila mara tumekuwa upande wa Musa. Hatujapata kufikiri kwamba kuna watu ambao, katika kisa chao, Misri ni pwani yetu. Na mtu huyo anayesimulia ndiye aliyetuchinjia kuku, akamwita kijana Mwislamu wa jirani aje achinje ili tule kwa raha.

Mwenzangu ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Mzee, kama ni jamaa zetu waliowafanyia hayo, tunawaombeni radhi." Mzee akasema maji hayo yamekwisha pita, tule.

JANI LINALOSHUKA

Siku hizi lawama hushuka kwa upande wa pili. Miraa ya Meru na muguka wa Embu hushuka pwani kila siku, na kina mama wetu wanalia kwamba vijana wao wamekuwa watumwa wa jani. Mwezi wa Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka. Wakulima wa Embu wakapiga kelele, serikali ya Nairobi ikasema zao hilo linatambuliwa na sheria, na mahakama ikazisimamisha amri hizo.

Huko juu nililiona shina la jambo hili. Kwa Wameru miraa ni kitu cha heshima. Kitita chake kilichofungwa kwa jani la mgomba hupelekwa kwa wazee wa msichana anapoposwa. Na muguka kwa mkulima wa Mbeere ni karo ya mtoto, katika nchi ambayo mvua haina ahadi. Hayo hayamponyi kijana wa Majengo anayetafuna usiku kucha asiende kazini, na mimi singali pamoja na mama yake. Lakini nilimwambia mkulima habari za kijana huyo, naye alisikiliza, kwa kuwa mimi nilikuwa nimesikiliza ya Mbwaa kwanza. Shauri la jani hili litafika mbali zaidi likizungumzwa hivyo kuliko kwa amri na maandamano.

Basi enyi mliojaaliwa, chukueni wake zenu mwende. Bebeni sweta, hasa mwezi wa Julai, na swala mzipunguze kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Chukueni na zawadi ya halua, kwani huko hawaijui, na mgeni mwema haendi mikono mitupu. Kuleni mnachopewa. Na mwenyeji akianza kusimulia, msiangalie saa.